Nataka PhD ya kusimuleti nyota za nyutroni, nipo Igoma na laptopu moja, naanzia wapi?

Kijana_wa_Igoma

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo, matusi wekeni akiba. Nimemaliza digrii ya fizikia na hesabu mwaka jana nikarudi nyumbani Mwanza, ajira za ualimu naomba kila zikitangazwa na bado, kwahiyo mchana nafundisha tuisheni ya fomu siksi huku Igoma na usiku nashinda kwenye laptopu.

Sasa nikiwa chuo nilikutana na habari ya tarehe 17 Agosti 2017, ile siku mitambo ya LIGO kule Marekani na Virgo ya Italia iliponasa mawimbi ya mvutano (yaani anga lenyewe likitetemeka) ya nyota mbili za nyutroni (mabaki yaliyokandamizwa ya nyota kubwa zilizolipuka) zilizokuwa zinazungukana mpaka zikagongana, halafu sekunde 1.7 tu baadae setilaiti ikadaka mwanga wa gama. Galaksi yenyewe ipo miaka ya mwanga kama milioni 130. Kilichonikamata mimi sio hata mgongano, ni kwamba kulikuwa na watu wamekaa na kompyuta miaka mingi kabla ya hapo wanapiga hesabu wimbi likija litakuwa na umbo gani, na lilipokuja wakawa na kitu cha kulinganishia. Yaani unaitengeneza nyota kwenye kompyuta, unaigonganisha, unasubiri ya kweli. Dah.

Nataka kufanya hiyo kazi. Baba nimemweleza vizuri kabisa, akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza hiyo nyota inauzwa bei gani kwa kilo. Yeye ni mtu wa dagaa.

Naulizia je lazima uwe na supakompyuta ndio uanze, hesabu gani hasa zinatakiwa, na kuna mtu wa huku kwetu aliyepita hiyo njia anieleze ukweli bila kunipamba?

Mchumi_Nyegezi

Mdogo wangu baba yako kauliza swali la maana kuliko wewe. Umri unakwenda. Chukua mtaji nenda Kayenze au visiwani ukanunue dagaa, nyota zipo na hazihami. Ukishajenga ndio utazisimuleti vizuri ukiwa kibarazani kwako.

Fundi_Makoroboi

Hahaha mchumi acha roho mbaya.

Kijana kwa upande wa mashine usiogope, niambie laptopu yako ina ramu ngapi. Kama ni 4 ongeza ifike 8, toa hiyo hadidiski ya kuzunguka weka SSD, hapo umepona na hela itakayotoka sio ya kuuza mbuzi. Halafu weka Linux, maana jamaa yangu mmoja wa mambo ya hali ya hewa aliniambia mashine zote kubwa wanazotumia zinaendeshwa na Linux, ukizoea mapema hutatoa macho huko mbele. Ukikwama kuinstoo njoo Makoroboi, soda tu.

Kijana_wa_Igoma

Ina 4 mkuu, nitakuja jumamosi. Mchumi nimekuelewa kaka, ila dagaa nimekulia ndani yake, nazijua.

BintiMwaloni

Mwangaluka wa Igoma. Nimecheka hapo kwa baba maana mama yangu yupo mwaloni Kirumba na dagaa zake mpaka leo, na mimi nipo mwaka wa tatu wa PhD Ujerumani, kazi yangu ndio hiyo hiyo unayoiulizia, nagonganisha nyota za nyutroni kwenye kompyuta halafu naangalia kinachobaki baada ya mgongano kama kinadumu au kinaporomoka kuwa shimo jeusi. Nitaandika ndefu, samahani, mashine inapiga kazi na mimi nasubiri.

Kwanza njia yangu. Nilisoma PCM, digrii ya kwanza Dar, na kwenye hiyo digrii hakuna aliyenifundisha hata robo ya ninachofanya sasa. Relativiti jumla ya Einstein (nadharia yake ya mvutano) ilikuwa wiki mbili za mwisho na mwalimu alikuwa na haraka. Programu tulifundishwa kwenye karatasi, yaani mtihani wa kuandika kodi kwa kalamu (kodi ya kompyuta jamani sio ya TRA). Nilivyomaliza nikakaa nyumbani mwaka na nusu kama wewe. Kilichonitoa ni masta za AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, wana vituo Afrika Kusini, Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda, ukipata nafasi wanakulipia, na unasoma kozi fupi fupi za wiki tatu wiki tatu mpaka kichwa kinawaka moto. Hapo ndipo nilipoandika programu ya kweli kwa mara ya kwanza na ikakataa na nikalia. Siku hizi Kigali hapo kuna EAIFR pia, taasisi ya utafiti wa fizikia, ipo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na ni mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste kule Italia, kile alichokianzisha Abdus Salam 1964. Kwa mtu wa Mwanza Kigali ni basi tu kupitia Rusumo, sijui kwanini watu wetu hawaombi.

Sasa kazi yenyewe ikoje. Chukua nyota yenye masi kama ya jua au jua na nusu, ikandamize mpaka upana wake uwe kama kilomita 20 na kidogo, yaani kutoka mjini mpaka Kisesa hivi. Kijiko kimoja cha chai cha hicho kitu ni tani mabilioni. Huwezi kukileta maabara. Hapo katikati hakuna anayejua kwa uhakika maada inakaaje, kila kundi la wananyuklia lina jedwali lake linalosema ukikandamiza kiasi hiki presha inakuwa kiasi hiki. Kazi yetu ni kuchukua hayo majedwali, kuyatia kwenye ikwesheni za Einstein na za mtiririko wa maji, kugonganisha, na kuona kila jedwali linatoa mlio gani, yaani wimbi la mvutano la umbo gani. Siku mlio wa kweli ukisikika vizuri tutajua majedwali gani ya kutupa.

Na mlio wa baada ya mgongano haujasikika bado. Ule wa 2017 ulisikika wakati zinakaribiana, kama sekunde 100 hivi, ila zilipogusana na kuendelea masafa yakapanda juu mno, kilohezi 2 (mitetemo elfu mbili kwa sekunde) na kuendelea, huko LIGO masikio yake sio makali. Kwahiyo ninachofanya mimi kinasubiri mitambo ijayo. Mama aliniuliza sasa unapika wageni hawajafika? Nikamwambia ndio mama.

Mama huyo huyo ndiye aliyenielewa kuliko supavaiza wangu wa kwanza. Kompyuta haiwezi kuangalia anga lote, inatandaza kama nyavu, na kwenye kila fundo la nyavu unaandika densiti ni ngapi, presha ngapi, anga limepindaje. Matundu yakiwa makubwa dagaa zinapita, yaani vitu vidogo hauvioni kabisa. Matundu yakiwa madogo unashika kila kitu ila kuvuta sasa. Ukipunguza tundu kwa nusu, mafundo yanakuwa mara 8 na hatua za muda nazo zinabidi ziwe nusu, kwahiyo gharama mara 16. Mara kumi na sita! Ndio maana tunatandaza nyavu ndogo pale nyota ilipo na kubwa huko nje kwenye anga tupu, boksi ndani ya boksi, na yale maboksi yanaifuata nyota inavyozunguka. Nilipomwambia mama hivyo akasema kumbe mnavua tu.

Tundu langu la ndani ni mita 200 hivi. Mwanga unapita mita 200 kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na hatua yangu ya muda haitakiwi kuzidi hapo, ikizidi programu inatapika. Kwahiyo kuangalia tukio la sehemu 20 za elfu ya sekunde naenda hatua makumi elfu, na hiyo ni siku nyingi kwenye supakompyuta yenye mamia ya prosesa kwa ajili ya kitu ambacho kope yako haijamaliza kupepesa.

Sasa ukweli usiopambwa uliouomba. Mwaka wangu wa kwanza wote wa PhD nilipambana na ukingo wa nyota. Ndani ya nyota hesabu zinakwenda fresh, nje ni tupu, na kodi zetu hazijui kutembea kwenye utupu, zinagawa kwa sifuri. Kwahiyo unaweka hewa ya uongo, nyembamba kupita kiasi, ili kodi ipate pa kukanyaga. Ukiweka nzito inaisumbua nyota, ukiweka nyepesi mno ukingoni panachemka na programu inarudisha zile herufi za laana zinazomaanisha sio namba. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuangalia kama kazi imekufa, na imekufa. Hakuna nyota hapo, hakuna anga, kuna wewe na faili la makosa. Kama hiyo sehemu haikukeri sana basi njoo, kazi ni ya kwako. Kama unapenda picha za nyota, kuna njia nyingine nzuri tu na nafikiri kuna watu humu watakuambia.

Usianze na mgongano. Anza na nyota moja isiyosogea, haizunguki, imekaa tu. Hiyo inaingia kwenye laptopu ya 4 hata kabla fundi hajaigusa, lugha ya programu ya Python inatosha. Ikwesheni zake zipo tangu 1939, za Tolman, Oppenheimer na Volkoff. Weka G (ile namba ya mvutano), kasi ya mwanga na masi ya jua zote ziwe 1, hapo urefu wa 1 unakuwa kilomita 1.477. Presha iwe 100 mara densiti kipeo cha pili. Densiti ya katikati 0.00128. Anzia katikati nenda nje hatua ndogo ndogo kwa Runge-Kutta (njia ya kupiga ikwesheni hatua kwa hatua) mpaka presha ifike sifuri, hapo ndio uso wa nyota. Kila mtu kwenye fani hii amepita kwenye hiyo nyota, ndio a e i o u yetu. Ukipata masi na nusu kipenyo rudi hapa uniambie umepata ngapi. Sikuambii jibu.

Ukimaliza hiyo ndio ushushe Einstein Toolkit, programu za kusimuleti ikwesheni za Einstein, ni bure na kodi yake ipo wazi, ila usiiguse kabla maana utapotea siku ya kwanza.

Mwl_Mstaafu

Kijana, nimefundisha fizikia miaka thelathini na kitu hapa hapa kanda ya ziwa na nimefurahi kuona mjadala kama huu. Wabeja sana binti kwa maelezo.

Nina nyongeza. Chadwick aligundua nyutroni mwaka 1932. Mwaka 1934 tu, Baade na Zwicky wakasema huenda nyota ikilipuka kinachobaki ni nyota ya nyutroni tupu. Watu wengi hawakulitilia maanani. Ilichukua mpaka 1967 ambapo Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu kama huyu binti, aliona alama ndogo kwenye mita na mita za karatasi za darubini ya redio kule Cambridge, inajirudia kila baada ya sekunde 1.3 na kidogo. Tuzo ya Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu habari hii na wasichana wananuna darasa zima, nami nawaacha wanune.

Kuhusu mzee wako. Ameuliza bei kwa kilo, nawe usimwone hajasoma. Mwambie hivi: baada ya mgongano ule wa 2017 wanaastronomia waliona mwanga uliofifia kwa siku kadhaa, na kwenye mwanga ule walisoma dalili za elementi nzito kutengenezwa. Inaaminika sehemu ya dhahabu iliyopo duniani ilitoka kwenye migongano kama hiyo, kabla hata dunia haijaumbwa. Kisha mwulize dhahabu ya Geita inauzwa bei gani kwa kilo.

Ila natofautiana na binti kidogo. Anza na kalamu kabla ya Python. Chora nyota, chora tabaka moja jembamba, andika nguvu inayovuta ndani na presha inayosukuma nje. Mtu asiyeweza kufanya hivyo kwa mkono atakuwa mtumwa wa programu.

BintiMwaloni

Shikamoo mwalimu. Nakubali, ila nitaongeza kwamba mimi niliielewa ile ikwesheni baada ya programu kukataa, sio kabla. Labda ni kichwa changu.

Jamaa_wa_Kisumu

Niaje watu wa Mwanza, mimi niko upande huu wa Kisumu, ziwa ni letu sote msituringie na sato.

Huyu dada amesema kuna njia zingine, wacha niseme yangu. Mimi nilikuwa nataka simulesheni pia lakini nikajikuta kwa redio. Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika wa ile darubini kubwa ya redio ya SKA, na kuna mafunzo ya astronomia ya redio yanaitwa DARA ambayo yamechukua vijana wengi hapa kwetu, nikaingia huko. Saa hii nashughulika na data za pulsa, zingine za MeerKAT, darubini ya redio ile ya sahani 64 kule Karoo, Afrika Kusini. Pulsa si ni hizo hizo nyota za nyutroni tu, zinazunguka na kutupiga na mwali kama taa ya mnara. Kuna moja inazunguka mara 716 kwa sekunde moja. Fikiria kitu cha ukubwa wa mji wenu kinazunguka hivyo.

Kitu moja nataka kuuliza huyo dada, hizo simulesheni zenu mnajuaje si uongo? Mimi nikikosea, nyota iko pale juu, narudi kuangalia tena. Nyinyi mnarudi wapi?

BintiMwaloni

Swali zuri na linauma. Tunarudi sehemu tatu. Tunapiga kazi ile ile kwa nyavu tatu za matundu tofauti tuone kama majibu yanasogea pamoja kadri tundu linavyopungua, yakikataa kusogea hatuchapishi. Tunalinganisha na kundi lingine lenye kodi tofauti kabisa iliyoandikwa na watu tofauti. Halafu tunarudi kwenu nyinyi wa pulsa, maana mmepima nyota zenye masi karibu 2 za jua, moja karibu 2.08, na mkatuulia majedwali mengi, yale yote yaliyosema nyota haiwezi kufika 2 yalikwenda na maji. Nimeona mtu kapoteza sura nzima ya tasnifu kwa sababu hiyo. Tulimnunulia bia.

Kijana_wa_Igoma

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Fundi amenifanyia kazi safi, Linux imeingia. Nimechora kwa kalamu kama mwalimu alivyosema, nikaandika ikwesheni ya tabaka, nguvu ya ndani na presha ya nje, nikaitia kwenye Python, ikakataa siku nne kwa sababu ya r (umbali kutoka katikati) kuwa sifuri pale katikati, nikaanzia pembeni kidogo ikakubali.

Nimepata masi 3.2 za jua na nusu kipenyo kilomita 18.5. Nimerudia kwa hatua ndogo zaidi namba hazisogei kwahiyo najiamini. Dada ni sahihi?

BintiMwaloni

Hongera na sio sahihi haha. Ila umekosea kosa zuri sana na naweza kukuambia ni lipi bila kuona kodi yako. 3.2 na 18.5 ni nyota ya Newton. Ulichora tabaka kwa kalamu ukaandika mvutano wa fomu siksi. Mwalimu samahani!

Rudi kwenye ikwesheni ya 1939 uilinganishe na yako. Ni ile ile yako imezidishwa na vipande vitatu vya ziada. Angalia vile viwili vyenye presha ndani yake. Kwa Einstein presha nayo inavuta, yaani kile kinachoibeba nyota isianguke ndicho hicho hicho kinachoongeza mvutano wa kuiangusha. Ndio maana ya kwako ilibeba jua 3.2 bila shida na ya kweli haiwezi. Na kitu kingine, kwenye densiti ya nishati ongeza presha juu ya densiti ya masi, kwa hii gama ya 2 (kile kipeo cha densiti nilichokupa) ni kujumlisha tu, usisahau.

Mwl_Mstaafu

Samahani imepokelewa. Lakini kumbuka ameweza kuona tofauti kwa sababu alianza na Newton.

BintiMwaloni

Hapo umenikamata mwalimu.

Kijana_wa_Igoma

IMETOKA. Masi 1.40, nusu kipenyo kilomita 14.15. Nimeipata saa tano usiku nikakaa nimetulia kama dakika kumi sijui nifanye nini. Nusu ya masi na zaidi imepotea kwa kuongeza vile vipande vitatu tu, aisee.

Halafu nikaanza kuchezea densiti ya katikati, nikawa naiongeza kidogo kidogo, masi inapanda, inapanda, ikafika kama 1.64 halafu nikiongeza densiti masi inaanza KUSHUKA. Nilidhani nimeharibu kitu. Hapo inapoanza kushuka ndio inakuwa shimo jeusi?

BintiMwaloni

14.15 ndiyo yenyewe. Na hapo kileleni ndio mwisho wa uimara wake, kuanzia upande wa pili ukiigusa kidogo inaporomoka. Si umeona 1.64, na nilisema kuna nyota ya kweli yenye 2.08, kwahiyo hii presha niliyokupa ni ya mazoezi tu, mbinguni haipo. Nitumie grafu yako kwenye inboksi pamoja na barua ya maombi ya masta uliyoanza kuandika, hata kama ni mbovu.

Mchumi_Nyegezi

Mimi bado sijaona hela hapa ila endeleeni, nafuatilia.

Kijana_wa_Igoma

Nimetuma dada. Na jana baba alipita nyuma yangu akaona ile 1.40 kwenye kioo akauliza hizo ni kilo? Nikamwambia hapana baba, ni majua. Akasimama kidogo. Akasema haya, zima basi hiyo, luku inaisha.